Mpinzani Asiyetaka Kingi

Fakihi alianza kuishuku simu yake siku aliyomfunga Revelian wa Mabibo kwenye drafti ya simuni kwa mara ya kumi na moja. Alikuwa barazani kwake Gongo la Mboto, analitazama taji la dhahabu likirukaruka kwenye kioo na maandishi chini yake: "Wewe ni bingwa! Rudi kesho, zawadi yako inakusubiri."

"Umeshinda tena?" aliuliza mkewe Hamida, akichambua mchicha.

"Nimeshinda."

"Mbona umenuna hivyo? Mie ukifungwa ndo nakuelewaga."

Revelian alifungwa kizembe mno, na uzembe wake ulikuwa na ratiba.

Fakihi alichonga vinyago miaka thelathini na minane, tangu alipotoka Newala, mpaka mikono ilipoanza kutetemeka na patasi ikawa inakwenda inakotaka yenyewe. Kilichobaki ni drafti. Kete haihitaji mkono uliotulia, inahitaji kichwa, na kichwa aliamini bado anacho. Kila alasiri alikuwa akicheza kijiweni, nyuma ya mashine ya kusaga, na mchongaji mwenzake Albano. Kisha binti yake akamwekea drafti ya kwenye simu, na mwezi haukuisha akapewa taji. Kichwa kikavimba. Akasimama kijiweni mbele ya watu akatangaza kwamba yeye sasa ni bingwa wa nchi nzima, na hao wanaocheza kwa vizibo vya soda wakatafute mwanafunzi mwenzao. Albano aliendelea kupanga vizibo vyake. Ilikuwa miezi mitano sasa, na Fakihi hakuwa amekanyaga tena pale.

Kwa hiyo lile taji lilikuwa na kazi kubwa. Ikiwa ni la uongo, amewatukana rafiki zake bure, na kichwa nacho kimeifuata mikono.

Alitwaa kipande cha mninga na msumari. Akifungwa, alichora mstari. Akishinda, alitoboa nukta. Hamida alimtazama akasema mzee kaanza kuandika barua kwa mchwa. Baada ya siku kumi Fakihi alivaa miwani na kusoma ubao wake. Hakukuwa na mahali mistari mitatu ilipofuatana. Akifungwa mara mbili, ya tatu hujitokeza Revelian, au ndugu yake fulani, akacheza kama mtu anayesinzia. Halafu kulikuwa na siku moja aliyougua homa, hakuigusa simu kabisa, na aliporudi kesho yake alishinda mara tano mfululizo.

"Simu hii inanifanyia biashara," alisema.

Biashara hiyo aliijua sana, ndiyo maana ilimuuma. Enzi zake mgeni akifika kibandani, Fakihi alitaja bei ya juu, akalia njaa, akashuka, akashuka tena, mpaka mgeni akaondoka akiamini amemweza mchongaji. Kesho alirudi na wenzake wanne. Na mpingo ulipoadimika, aliwauzia mti mweupe uliopakwa dawa ya viatu, nao wakaupapasa na kuusifia. Hata mmoja hakuwahi kuparua chini kwa ukucha. Mtu aliyefurahishwa haparui.

Basi akaparua. Alimngoja Revelian, akapanga kete zake vibaya kwa makusudi, akaacha njia nyeupe mpaka mstari wa mwisho. Hata mtoto angepita na kuingia kingi. Revelian aliitazama njia ile, kama kweli ana macho, akasogeza kete nyingine pembeni na kuliwa. "Umecheza vizuri!" kikaandika kioo. Fakihi aliona haya akiwa peke yake.

Siku hiyo hiyo alasiri alivaa kofia akaenda kijiweni. Aliwakuta wawili tu, Albano na Deogratias, fundi wa kuchomelea mageti.

"Karibu, Fundi," Albano alisema, kana kwamba waliachana jana. Deogratias akampisha.

Sheria ya pale ni moja: anayefungwa anaachia kiti na kusubiri zamu. Fakihi alimfunga Albano. Albano akainuka kimya. Akakaa Deogratias, naye akafungwa, akainuka kimya vilevile. Hakuna aliyemtania, hakuna aliyemkumbusha maneno yake. Wameiona mikono inavyotetemeka, alijiambia, wamekonyezana. Wananihurumia. Alitamani hata ile simu, ambayo angalau haikumfahamu.

Zamu ya Albano ikarudi. Fakihi akaacha njia, ile ile aliyomwachia Revelian. Hakutazama ubao, alitazama uso wa rafiki yake.

Albano alijikuna shavu, muda mrefu mno kwa roho ya Fakihi. Kisha akakamata kizibo, akakipeleka mwisho na kukigonga kwa nguvu.

"Kingi," alisema. "Mwanafunzi kaingia kingi. Bingwa wa nchi nzima anasemaje?"

Deogratias alicheka mpaka akashika ukuta. Kingi yule alirudi akila kete nne kwa mkupuo, na Albano akazihesabu kwa sauti, moja moja, akitaja na tarehe ile ya matusi.

"Inuka, Fundi. Mwenzio anangoja."

"Albano, yale maneno yangu..."

"Inuka kwanza. Utaomba radhi ukiwa umesimama."

Fakihi alisimama. Machozi yalimlengalenga na alifurahi waziwazi, kwa sababu hesabu ilikuwa imekamilika kichwani: mtu asiyemhurumia sasa hivi hakumhurumia hata mwanzo. Michezo ile miwili aliishinda kweli.

Simu ikatetemeka mfukoni. Akaitoa. Revelian anakungoja, ilisema. Fakihi aliirudisha mfukoni, akaegemea ukuta karibu na mashine ya kusaga, na kumwomba Deogratias acheze haraka.