Tangi la Shemeji Lilipovuta Pumzi

Dada yangu mkubwa alifika kwetu Shauri Moyo, Nairobi, Jumamosi asubuhi, ameketi mbele kwenye lori la mahindi, na nyuma, katikati ya magunia, palikuwa na injini ya boti iliyozungushiwa blanketi. Vijana wawili wa lori waliibeba hadi mlangoni kwetu, mmoja kichwani, mwingine miguuni. Majirani waliokuwa kwenye foleni ya bomba waliacha ndoo zao wakasimama kimya. Walidhani tumeletewa maiti. Mama mmoja alikuwa ameshajifunga leso kiunoni aje kulia nasi.

Maiti haikuwepo, na hilo ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa mvuvi upande wa Busia, ziwani. Mwaka uliotangulia aliingia majini jioni moja na hakurudi. Boti yake ilionekana kesho yake ikielea yenyewe kando ya mafunjo, injini ikiwa mahali pake, tangi la mafuta chini ya kiti, samaki ndani, wavu umekunjwa vizuri. Yeye hakuwemo. Walimtafuta mpaka wakachoka, kisha wazee wakazika shina la mgomba ndani ya jeneza, kama ilivyo desturi kwetu mtu akipotea majini. Dada aliulilia ule mgomba nami nikamshika mkono. Nakumbuka jeneza lilivyokuwa jepesi mabegani mwa wabebaji.

Sasa ndugu za marehemu walitaka injini irudi kazini. Ilikuwa ikiwaka kwa kukohoa, inatoa moshi, inazimika. Mafundi wa huko waliikataa, kila mmoja na kisingizio chake, ndipo dada akamkumbuka mume wangu. Mume wangu alikuwa fundi wa jenereta na mashine za kusaga unga, kibanda chake kikiwa kando ya soko la Gikomba. Boti hakuwahi kupanda maishani mwake. Alimwambia dada waziwazi kwamba ziwa halijui, lakini injini ni injini.

Kazi ilifanyikia nyuma ya nyumba yetu kwa sababu pale tuliweza kusimamisha pipa. Injini ya boti haiwashwi nje ya maji, itaungua, kwa hiyo ilibidi tujaze pipa ndoo kwa ndoo, na miaka ile bomba la mtaa lilitoa maji likijisikia. Vijana wa ploti, wapangaji wenzetu, walitucheka. Walituuliza tunaenda na boti wapi, Mto Nairobi?

Mume wangu alianza na mafuta, kwani tangi lililetwa pamoja na injini. Alifungua kifuniko cha tangi akanusa, akarudisha kichwa nyuma haraka. Petroli ikikaa inaharibika. Haikuwa na harufu ya petroli tena, ilinuka kama rangi ya mbao iliyochacha, na ilikuwa imekuwa nyeusi kama chai ya rangi. Chini yake yalilala maji. Aliposema itamwagwa, dada aliinuka kwenye kigoda. Alisema hayo mafuta aliyachanganya mumewe kwa mkono wake, petroli na oili, siku ile ile aliyoondoka, na tangu boti ipatikane hakuna aliyeligusa tangi lile. Wote waliojaribu huko walikuwa wamevuta kamba ya injini tu, tangi likiwa pale pale lilipo. Mwishowe mume wangu aliyatia kwenye jerikeni kuukuu, akaliweka mbali na jiko, na harufu yake ikaingia nyumbani kwetu, kwenye nguo na hata kwenye ugali.

Kabureta ilikuwa imejaa utando wa kunata kama gundi. Aliifungua yote juu ya gazeti, akazibua vitundu kwa uzi wa waya, akasugua plagi, akabadilisha mpira wa mafuta. Akatia petroli mpya yenye oili. Mchana wa Jumapili, watu wakiwa wanatoka kanisani, alivuta kamba na injini ikanguruma safi, bila moshi mwingi, maji ya pipa yakachemka kwa povu. Watu walipiga makofi. Dada hakupiga. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza hatua za mtu uani.

Kisha mlio ukaanza kupungua. Haukukatika ghafla. Ulififia polepole, kama mtu anayeondoka huku akiendelea kuongea, na ukanyamaza. Maji yaliendelea kuzunguka pipani.

Mume wangu alifungua kifuniko kuona kama mafuta yamekwisha. Yalikuwepo. Akafunga, akavuta kamba, ikawaka vizuri, na baada ya muda ikafifia vilevile. Alifungua tena, akachungulia, akafunga, ikawaka, ikafa. Siku hiyo hakuna aliyecheka tena. Jirani yetu, mama wa Kipwani aliyeuza mahamri, alitoka na chetezo cha ubani akazunguka nacho pipa taratibu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mwambieni huyo mtu aende zake." Nikamwuliza mtu gani. Yeye akazidi kupuliza makaa ya chetezo.

Jumatatu mume wangu hakwenda kibandani. Alikaa na injini ile, akaiwasha, na ilipoanza kufifia akaweka kiganja juu ya tangi badala ya kuvuta kamba. Akaniita niweke na mimi. Bati lilikuwa limebonyea kwa ndani. Juu ya kifuniko, chini ya uchafu wa masizi na magamba ya samaki, kulikuwa na skrubu ndogo ambayo mimi na mume wangu tulidhani ni pambo. Aliizungusha kwa vidole.

Tangi likavuta pumzi. Sijui namna nyingine ya kulisema. Lilivuta hewa kwa mlio mrefu, kama mtu aliyezibwa mdomo muda mrefu, na bati likarudi nje kwa kishindo. Niliruka nyuma. Mume wangu alicheka kwa furaha, akawasha, na mara hii injini ikanguruma bila kuyumba. Alinieleza kwamba mafuta yakitoka lazima hewa iingie mahali pake kupitia skrubu ile, la sivyo injini inakabwa. Kila alipofungua kifuniko aliingiza hewa bila kujua, ndiyo maana iliwaka kwa muda kisha ikafa.

Dada alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la maharagwe.

"Ilikuwa imefungwa?" aliuliza.

"Ilikuwa imefungwa kabisa, shemeji," mume wangu alisema, bado anatabasamu. "Hapo tu ndipo ulipokuwa ugonjwa."

Dada aliliweka bakuli chini. Akatuambia kwamba mumewe hakuwa akiacha tangi ufukweni kwa kuogopa wezi. Alilibeba kwa mkono mmoja, bega likimshuka, hadi nyumbani na kuliweka chumbani. Yeye dada alikuwa akimgombeza kwa ile harufu. Kwa hiyo mumewe akajifunza kuifunga ile skrubu kila arudipo.

"Majini alikuwa haifungi," alisema. "Aliifunga akishafika."

Injini ilikuwa ikinguruma bado. Mume wangu aliizima, tabasamu likiwa limemtoka. Alijaribu kumwambia kwamba labda aliondoka akiwa amesahau kuifungua, ikamzimikia huko mbele. Dada alitikisa kichwa. Angesahau, asingefika hata penye samaki, na boti ilikutwa na samaki. Alivua, akakunja wavu, akarudi. Alifika nchi kavu akafunga tangi. Boti ilirudije majini bila yeye, hilo hakuna kati yetu aliyethubutu kulitamka. Niliketi kwenye ukingo wa karo nikimfikiria shemeji akitembea kuelekea nyumbani alfajiri, na nyumba haioni mtu akifika.

Dada alirudi Busia na injini ile. Aliwauliza wavuvi wawili walioikuta boti. Mmoja aliapa kwamba hakugusa kitu. Wa pili alisema labda aligusa, hakumbuki, kisha akamwomba asimuulize tena. Ndugu za marehemu waliitumia injini na haikusumbua. Dada hakutaka kuona samaki wao. Kabla mwaka haujaisha alihamia kwetu moja kwa moja, akaanza kuuza matumbo.

Tulikuwa tukienda pamoja kununua kule soko la mbuzi la Kiamaiko, mbuzi wakifunguliwa kwenye malori. Asubuhi moja alisimama ghafla akanishika mkono. Mbele yetu, katikati ya mbuzi, kulikuwa na mwanamume aliyetugeuzia mgongo, bega moja limeshuka kidogo, kama watu waliozoea kubeba kitu kizito upande mmoja. Mimi pia nilimtambua, au nilidhani hivyo. Alikwenda bila haraka, mbuzi wakimpisha, akakata kona nyuma ya machinjio.

"Mwite," nilimwambia dada.

Hakumwita. Aliniachia mkono, akajifunga leso vizuri.

"Na akigeuka?" alisema.

Tukaingia ndani tukachagua matumbo, na kurudi tukashika njia ya mbali, si ile ya nyuma ya machinjio.