Mistari Kwenye Karai la Mama Mkwe

Mimi ni fundi bati, na kiherehere ninacho, sikatai. Wiki ya kuelekea Idi niliahidi kumpelekea mama mkwe wangu, muuza samaki wa kukaanga kule Mbegani, karai jipya. Nikakata bati la pipa, nikaliweka juu ya gogo lenye shimo, nikaanza kuligonga ili lipate kina. Bati likigongwa sana huwa gumu, na fundi mwenye akili hulichoma moto lilainike ndipo aendelee. Mimi muda huo ningeutoa wapi?

Nililigonga baridi, palepale katikati. Rangi kuukuu ya pipa ikabanduka kwa mistari ya mshazari, kama michirizi ya tumbo la mzazi. Nikaisugua yote kwa msasa mpaka karai likang'aa. Mama mkwe alinisifia mbele ya majirani, nami nikavimba kichwa.

Baada ya Idi nikagonga jingine kwa pupa ileile. Mkono ulipochoka, nikapunguza kasi na kutazama. Mistari ikatokea tena. Mmoja ukabonyea kidogo. Kila nikigonga, sehemu nyingine za bati zilitulia tuli na pale tu ndipo palipovutika, pakakonda, pakakonda, kisha pakachanika kwa mlio mdogo. Loh! Mistari niliyoifuta kwa msasa ilikuwa dalili kwamba bati linakonda, na sasa yule mama alikuwa anachuchumaa kila siku mbele ya karai lile, limejaa mafuta ya moto.

Nikadandia bodaboda. Kumwomba mkwe arudishe zawadi uliyompa mwenyewe, kwetu ni aibu ya kuhama mji, lakini hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu.

Nilimkuta uani akikaanga. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba, macho yangu yakiwa mekoni. Karai lililokuwa motoni lilikuwa lake la zamani, jeusi tii. Langu lilikuwa chini ya mpapai, kuku wakinywea maji humo.

Nilisema yote hata hivyo, bila kupumua: sikulichoma, nilikuwa na haraka, mistari niliifuta mwenyewe. Akageuza samaki wake taratibu. Akanieleza kwamba siku ya kwanza kuliosha, kidole chake kilipita mahali bati lilipokonda.

"Nilijua, baba," akasema. "Nilikuwa nangoja uje useme mwenyewe."

Kisha akanisogezea kigoda nikae, nile.