Kisu Kilichonilevya Ukweni

Haya mambo siyasemi kwa kupenda, jamani, nayasema kwa sababu najua mmeshasikia nusu yake huko nje, na nusu mliyopewa ndiyo ile mbaya: kwamba mimi, Ramazani fundi wa taa, mtoto wa Kiislamu niliyezaliwa na kukulia Rumonge, nilikwenda kuposa nikiwa nimelewa. Sikulewa. Sijawahi kuonja hata tone. Lakini niseme ukweli, kama siku ile mimi ndiye ningekuwa baba mkwe, nami ningejifukuza, tena kwa fimbo.

Ulikuwa mwaka ule wa uhuru wa Burundi. Wabelgiji wengi walikuwa wanafungasha, na vitu vyao ambavyo havikuingia kwenye masanduku viliteremka kutoka Usumbura, Bujumbura ya leo, mpaka kwetu: vitanda, vioo, hata kiatu cha mguu mmoja (sijui nani alinunua kile kiatu, lakini kilinunuliwa). Mimi nilikuwa natengeneza karabai, zile taa za pampu ambazo wavuvi huziwasha juu ya ziwa ili ndagala, wale dagaa wetu, wafuate mwanga. Karabai haiuguzwi kwa vidole. Inataka kitu chembamba cha kuzibua pua, bisibisi ya kulegeza, na zaidi ya yote inataka kitu cha kuvutia ile ngozi ya pampu, kipande cha duara kinachosukuma upepo ndani, ambacho kikikauka kinakwama kwenye bomba lake kama mwiba kooni. Kisu changu cha zamani kilivunjika nikipigana na ngozi ya namna hiyo, na Jumapili ilikuwa inakuja, na Jumapili hiyo ndiyo tulipanga kwenda kwa mzee Rajabu, muuza mawese, kumuomba binti yake Zaituni. Sikutaka kwenda ukweni nikiwa fundi asiye na kifaa mfukoni.

Basi nikaenda dukani kwa Mwarabu mmoja pale karibu na soko. Akanitolea visu viwili vya kukunja. Kimoja kizito, mpini wa pembe, kina ubapa mmoja mnene na sindano ya kutobolea, basi. Cha pili kilikuwa cha Mbelgiji aliyehama, chembamba, kinang'aa, na ndani yake mmekunjwa vyuma kama familia iliyolala kitanda kimoja: visu, bisibisi, msumeno mdogo, cha kufungulia makopo, cha kufungulia limonadi, na nyuma kabisa chuma kimoja kilichojinyonganyonga kama mkia wa nguruwe (Mungu anisamehe kwa mfano huo, lakini ndivyo kilivyokuwa).

Sasa nichague kipi? Nilikuwa nimewauliza watu kabla ya kuja, na hilo ndilo lililonimaliza. Rafiki yangu Melkiori wa Minago, fundi wa baiskeli (mauaji ya mwaka wa sabini na mbili yalimchukua, na mpaka leo nikicheka mkasa huu namtafuta pembeni), aliniambia, "Chuma kizuri unakiuma. Kama jino linauma, chuma iko nzima." Mvuvi mmoja wa Kigwena akasema hapana, chuma kizuri unakinusa, kibovu kinanuka damu. Na yule Mwarabu naye akasema chuma kizuri unakisikiliza kikifunga, kinapaswa kusema "tak" na si "tek." Kwa hiyo kama mlipita sokoni siku ile mkaona mtu anauma kisu, anakinusa, halafu anakiweka sikioni na kukifunga na kukifungua, basi ndiye mimi. Jino liliuma kwa vyote viwili. Vyote vilinuka mafuta. Kimoja kilisema "tak" na kingine "tok," na hakuna aliyekuwa ameniambia habari za "tok."

"Na hiki cha kujinyonga ni cha nini?" nikamuuliza Mwarabu.

Akakitazama, akakigeuza. "Cha kazi," akasema.

Leo hata mtoto anajua kwamba kile ni cha kuvutia kizibo cha chupa ya divai. Sisi kwetu divai tuliiona wapi? Mimi nilikitazama nikaona kitu kimoja tu: ngozi ya pampu. Kinaingia kwa kuzunguka, kinashika, unavuta. Nikasema moyoni, hawa wazungu kumbe walikuwa na taa mbovu kama sisi! Nikakichukua kile chenye vyuma vingi, nikaenda nacho nyumbani, na siku zile chache kabla ya Jumapili kilinifanyia kazi ya ajabu. Nilitoa ngozi za wavuvi wote wa pale ufukoni. Hata taa za msikitini niliziponya.

Kawaida muoaji hakai kwenye posa, lakini mzee Rajabu alisema anataka kuniona kwa macho yake. Baba yangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo aliyenisimamia ni mwalimu Musa wa madrasa, mtu mpole, kanzu yake nyeupe kama maziwa. Tukafika, salamu, tukakaribishwa. Upande wa pili alikaa mzee Rajabu, na pembeni yake kaka yake mkubwa, baba mukubwa Idi, ambaye alipika kwa Wabelgiji mjini Usumbura miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani na kushika dini kwa mikono miwili. Nyuma ya pazia walikuwa wanawake, na mimi nilijua mmoja wao ni Zaituni kwa sababu pazia lilikuwa linatikisika upande mmoja tu. Katikati pametandikwa meza ndogo, kitambaa alichokishona Zaituni mwenyewe chenye nyuzi ndefu pembeni, sinia la wali na kuku, na chupa za limonadi nyekundu.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mzee Rajabu akatafuta kitu cha kufungulia limonadi. Mimi, badala ya kutulia kama muoaji mwenye adabu, nikatia mkono mfukoni (hapa ndipo palipoharibika, mkumbuke hapa) nikatoa kisu changu, nikafungua chupa ya kwanza, pss, ya pili, pss, kila mtu ananitazama, nami nikaona si vibaya kuwaonyesha na vyuma vingine. Nikavifungua vyote kama tausi.

Baba mukubwa Idi akainama mbele. "Mwanangu, na hiki kilichojinyonga, unakitumia?"

Nikafurahi! Nikasema, "Baba, hicho ndicho ninachokitumia kuliko vyote. Kila siku ya Mungu. Hasa jioni."

"Kila siku."

"Wavuvi wanakuja kwangu na zao kabla ya kuingia ziwani, nami nawafungulia moja moja. Wakitoka hapo, wenyewe utawaona, wanaondoka wanaimba."

 Pazia likaacha kutikisika. "Na wewe mwenyewe? Yako hufungui?"

"Yangu ndiyo ya kwanza, baba! Fundi gani atakaa jioni na yake imekauka?"

Niliona uso wake unabadilika rangi, nikadhani ni tumbo. Mzee Rajabu ameshika kipande cha kuku, hakipeleki mdomoni wala hakirudishi. Nikamtazama mwalimu Musa anisaidie, maana nilihisi nimekosea mahali lakini sikujua wapi, na mwalimu, kwa nia njema kabisa, akasema, "Ni kweli, wazee wangu, huyu kijana ana moyo. Alikuja mpaka msikitini, akatufungulia mbili, wala hakutaka malipo. Ijumaa ile waumini walifurahi sana."

Nyuma ya pazia mwanamke mmoja akasema, "Yarabi!"

"Tiribusho!" akapiga kelele baba mukubwa Idi.

Mimi nikageuka mlangoni kuona huyo Tiribusho aliyekuja ni nani. Sikuona mtu. Kwa kutojua la kufanya nikasema, "Karibu."

"Unanikaribisha!" Amesimama sasa, kidole kimenielekea. "Rajabu, mimi nilipika kwa Wabeleji, hii kitu nakijua kuliko jina langu! Hii ni tiribusho, iko ya kufungulia chupa ya divai! Divai, pombe ya wazungu! Na amesema mwenyewe, kila siku! Na mwalimu amesema, mu musikiti!"

Sasa mnielewe. Kila neno nililifahamu, lakini yote pamoja hayakuingia kichwani. Divai gani? Mimi nilikuwa naongea habari za taa, na kumbe tangu mwanzo hakuna aliyetaja taa, mimi wala mwalimu! Taa unafungua, chupa unafungua, zao, yangu, mbili, lugha yetu haikunisaidia hata kidogo. Kitu kimoja tu nilikielewa, kwamba kile chuma kisionekane tena, nikakisukumiza haraka mfukoni bila kukikunja, nikasimama ili niape.

Nilisimama peke yangu kwa sekunde moja tu. Ile tiribusho ilikuwa imeshika nyuzi za kitambaa cha Zaituni, na nilipoinuka, kitambaa kikainuka, sinia likaja, wali ukaja, kuku akaruka kama mzima, na zile limonadi nyekundu zikamwagika zote kwenye kanzu ya mwalimu Musa. Nikajaribu kurudi nyuma, nikakanyaga kitambaa, nikayumba huku, nikayumba kule, nikaanguka kifuani kwa mzee Rajabu.

"Mulewa!" akasema mzee Rajabu, kwa sauti ndogo ya mtu aliyeona kwa macho yake. "Anakuja kuomba mutoto wangu, na iko mulewa."

Tulitoka. Tulipita katikati ya soko, mimi nina wali kwenye nywele, mwalimu wa madrasa ana madoa mekundu kuanzia kidevuni mpaka magotini, na kila mtu anamsalimia "Amahoro, mwalimu?" na yeye anajibu "Amahoro" na hakuna amani yoyote. Melkiori alikuwa amekaa kwenye baiskeli yake anatungoja. "Mumekubaliwa?" akauliza.  Mwalimu alikuwa bado ananiuliza mimi, kila baada ya hatua chache, "Ramazani, mimi nilisema nini? Nimesema nini kibaya?" 

Melkiori ndiye aliyetutegulia fumbo: nilipomsimulia na kumwonyesha kile chuma, alicheka mpaka akakaa chini, halafu akatueleza kwamba sisi tulikuwa na taa kichwani, wao wakasikia chupa. Mwalimu Musa akafumba macho. Nilifikiri ataniacha pale pale barabarani. Akasema, "Turudi sasa hivi. Tukilala na neno hili, kesho madrasa yangu haina mtoto hata mmoja." Hapo ndipo nilipoona kwamba si posa yangu tu iliyomwagika, bali na jina la mtu aliyenishika mkono kama baba.

Tulirudi jua likiwa bado juu. Mzee Rajabu alitukuta nje, hakutukaribisha ndani, na majirani walikuwa wameshajaa uani kama kuna arusi (na arusi ndiyo hasa isiyokuwepo). Mwalimu akaeleza habari za taa, ngozi, bomba. Baba mukubwa Idi akatikisa kichwa tu. "Mlevi hakosi maelezo," akasema.

Ndipo Zaituni akatoka. Hakunitazama. Alikuwa amebeba karabai ya nyumbani kwao, akaiweka chini mbele yangu. "Baba, hii haisukumi tangu Ramazani iliyopita," akasema. (Alisema mwezi, si mimi, lakini watu walicheka.) "Kama iko fundi, aitengeneze. Kama iko mulevi, tutaona."

 Nikafungua pampu, nikaingiza kile chuma kwenye bomba, nikazungusha, nikahisi kimeshika ngozi. Nikavuta. Ikagoma. Nikaibana taa katikati ya magoti, nikavuta kwa nguvu zote, na ikatoka.

Pwop!

 "Mumesikia?" akanong'ona baba mukubwa Idi. "Sauti ni ile ile! Ile ile ya mezani kwa Wabeleji!" Akaninyang'anya kisu, akaisogeza ile ngozi puani, akanusa. Akanusa tena, taratibu, kama mpishi. Halafu mabega yake yakashuka.

"Iko petroli ya taa," akasema.

Wa kwanza kucheka alikuwa mzee Rajabu, na alicheka vibaya, ameshika ukuta. Nilitia ngozi mpya, nikasukuma, nikawasha, na karabai ikawaka mchana kweupe mahali ambapo hakuna aliyehitaji mwanga.

Posa ilikubaliwa, lakini mzee Rajabu aliweka sharti: kile chuma kikatwe, hataki kukiona kwenye nyumba ya mjukuu wake. Nikasema murakoze, asante, nikaenda nyumbani na tupa, nikifikiri ni kazi ya dakika chache. Nilikata siku nzima. Tupa ya kwanza ikaisha meno, nikaenda kuazima ya Melkiori. Vyuma vingine vyote vya kisu kile, nawaambia, viliniharibikia kabla ya mwaka kwisha: bisibisi ilipinda, msumeno ukashika kutu, kisu kikubwa kikalegea kama jino la mzee. Chuma kigumu kilikuwa kimoja tu ndani yake, na ndicho nilichokuwa nakikata kwa mikono yangu.

Tangu siku hiyo nimeapa: sinunui kifaa ambacho hata muuzaji akiulizwa ni cha nini anajibu "cha kazi." Na nikialikwa ukweni, hata chupa zikikaa bila kufunguliwa mpaka kesho, mikono yangu inabaki magotini.