Betri Mbili za Gari la Jeshi

Mpaka leo nikisikia mtu anasema "kuboresha", damu inanichemka. Neno hilo alikuja nalo fundi kutoka Dar, na nusura aliue gari.

Gari ni la baba mkubwa. Lilikuwa la jeshi. Alilinunua mnadani, akalipaka rangi nyeupe kwa kuwa raia haruhusiwi kutembea na ile ya kijani. Nimelitunza mimi miaka minne. Injini yake ya dizeli haina tabo ya kuongeza nguvu wala kompyuta. Inanguruma na haina mbio, lakini inakunywa dizeli ya kwenye madumu bila kuugua. Masika, njia ya kijiji cha Mkange ikigeuka uji, ni hilo tu linalofika kuchukua wagonjwa na magunia ya ufuta.

Kosa lake ni kwamba bodaboda zilikuwa zinalipita, na baba mkubwa akaona aibu.

"Mzee, hii injini ya mababu," fundi alimwambia. "Tunaiboresha. Nakuwekea ya kisasa, utapaa."

Siku mbili baadaye injini yangu ilikuwa imelala kwenye majani nyuma ya jiko. Niliziba matundu yake yote kwa matambara, kuku wasitie uchafu.

Halafu nikamwona fundi anavuta waya wa kompyuta ya injini mpya kwenda kwenye betri. Gari la jeshi lina betri mbili zilizofuatana, moja inaanzia ilipoishia mwenzake, kwa hiyo umeme wake ni volti ishirini na nne. Injini mpya ilitaka kumi na mbili. Yeye alidhani zimekaa sambamba, volti zikibaki kumi na mbili, kama alivyozoea kwenye magari ya mjini. Hakupima.

Mimi kusema mbele ya watu siwezi. Nikachukua kipande cha boksi, nikaandika polepole, herufi moja moja: BETRI HIZI NI 24. KOMPYUTA ITAUNGUA. Nikamwekea juu ya boneti.

Alikisoma kwa sauti, akacheka. "Dogo, mwandiko huu umefundishwa na kuku? Betri mbili ni za nguvu ya kuwashia tu." Akakitupa chini, akakipigia goti aendelee na kazi. Baba mkubwa naye akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichoniuma zaidi.

Fundi akawasha. Kikasikika "tik", ukatoka moshi mwembamba wenye harufu ya plastiki, basi. Fundi akasema dizeli yetu chafu. Akaenda Dar kutafuta kompyuta nyingine, na simu yake haikupatikana tena.

Mvua ikaanza. Watu wa Mkange wakawa wanapiga simu, na gari limesimama uani kama banda.

"Mwanangu, mbona hukusema?" baba mkubwa akaniuliza.

Nikaingia jikoni, nikamtolea lile boksi. Nilikuwa nimeliokota. Lilikuwa na alama ya goti katikati ya neno KOMPYUTA. Akaliangalia, akaangalia pembeni.

Nilirudisha injini ya zamani mwenyewe, kwa nguzo tatu na mnyororo wa kunyanyulia, siku tisa kwenye matope. Nilikuwa na hasira hata sikuwa nasikia njaa. Nilipoiwasha ikakohoa mara mbili, ikashika.

Safari ya kwanza gari lilijaa. Mama mmoja wa Mkange, amembeba mtoto mwenye homa, akamsalimu baba mkubwa: "Shikamoo. Tulisikia gari limekufa."

"Marahaba, mama. Halikufa," akajibu kwa majivuno. "Injini tumeiboresha."

Nilikuwa nimeshika usukani. Safari hii nikajilazimisha kusema.

"Ni ileile," nikasema.

"Unasemaje?"

"Injini ni ileile, baba mkubwa. Hakuna kilichoboreshwa."

Nyuma wakaangua kicheko. "Kumbe dereva ana mdomo!" akasema mmoja. Baba mkubwa akakaza macho kwenye kioo. Nikatia gia, nikaingia kwenye matope, na hasira yangu yote ikiwa bado kifuani.