Kitambaa Cheupe cha Burhani

Mimi Modeste ndiye niliyekibeba kile kitambaa, kwa hiyo habari za Zaituni nitazisimulia mwenyewe.

Zaituni alikuwa mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, aliyejikuta Brussels akimwogesha mzee wa Kigiriki huko Evere. Mzee Yorgo aliwahi kuwa na duka la vitambaa Bujumbura. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na mdomo wake haukupumzika. Ndiye aliyempa Zaituni kisa cha Theseus, kijana aliyekwenda kisiwani kuliua zimwi lenye kichwa cha fahali, lililokuwa likila vijana wa kwao. Alimwahidi baba yake kwamba akishinda, merikebu itarudi na tanga jeupe. Akifa, itabaki na lile jeusi. Akaliua zimwi, akasahau tanga. Baba akaona weusi baharini, akajitupa majini.

Zaituni alikipenda kisa hicho, Mungu amsamehe. Mwaka 1995, wakati wa mauaji, kaka yake Burhani alikwenda kumtoa mama yao Bujumbura. Simu hazikuaminika, barua zilifunguliwa. Wakakubaliana: akimpata mama hai, atume kitambaa cheupe, akimkosa, cheusi. Baba yao, Papa Sudi, aliyeishi na Zaituni mtaa wa Ixelles, Brussels hiyohiyo, hawakumwambia. Walisema moyo wake ni mgonjwa, hataweza kukaa akisubiri rangi.

Burhani alinikuta uwanja wa ndege wa Bujumbura, nikirudi Brussels. Askari alikuwa amesimama kando yetu, kwa hiyo alinikabidhi furushi na maneno machache tu. Nilifika Ixelles mchana, Zaituni akiwa kazini.

"Papa, Burhani ananipatia hii," nilimwambia mzee. "Anasema Zaituni atajua."

Akafungua. Bafta nyeupe, mpya, haijashonwa. Mimi ni Mkatoliki; kwetu maiti huvishwa suti yake. Nilikuwa hata nikitabasamu. Yeye akaipima taratibu, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole, mara kadhaa, kisha akauliza kama Burhani alimtaja mama. Nikasema hapana.

"Bon," akasema. "Donc, basi, imeisha. Asante, mwanangu."

Nikaenda zangu Porte de Namur kula. Nilikula vizuri, na hilo linaniudhi hadi leo. Zaituni aliporudi alimkuta baba yake kwenye kiti, kitambaa magotini, amekata roho. Yeye alielewa papo hapo; mimi ilibidi nielezwe kwamba ile ndiyo sanda yao. Waislamu wawili wazima, ndugu wa tumbo moja, na vichwani mwao mlikuwa na tanga tu.

Mama aliwasili wiki sita baadaye. Nilikuwepo. Hakulia kwanza, aliuliza mumewe alizikwa na sanda gani huku ugenini, na nani aliinunua.

Zaituni hakuinua macho. "Ile Burhani alituma, mama. Ya kusema uko mzima."