Mtihani wa Pumua

Jina lake la kwenye cheti hakuna aliyelitumia kazini. Walimwita Pumua, kwa sababu ndilo neno alilowafokea nalo wagonjwa tangu siku ya kwanza alipopanda gari la wagonjwa. Pumua, baba. Pumua, mwanangu. Pumua, au unataka nipumue kwa niaba yako? Alikuwa mwanamke wa miraba minne, mikono mizito, ulimi mkali, na madereva walikuwa wakinung'unika wakipangiwa zamu naye. Walinung'unika mpaka siku walipopata mgonjwa anayekata roho nyuma ya gari. Hapo kila dereva alimtaka Pumua na si mwingine.

Wenzake walipofika kwa mgonjwa walianza kupekua begi la vifaa. Yeye alianza na umbea. Alipiga goti, akaweka kiganja kifuani pa mtu, akauliza: "Jana umekula nini, na nani kapika?" Ndugu wa wagonjwa walikasirika. Mtu anakufa, huyu anaulizia vyungu! Lakini Pumua hakuwa na haja na chakula cha mtu. Alikuwa anasikiliza. Anayeweza kusema kwa pumzi moja kwamba alikula wali, kapika mke wake na chumvi ilizidi, huyo hewa yake inapita na anaweza kusubiri kidogo. Anayekata maneno mawili mawili ana shida. Na yule anayekutolea macho tu, usimuulize tena, fungua mtungi wa oksijeni. Huku akiuliza, macho yake yalikuwa shingoni na mbavuni, kuona kama nyama za mwili zinavutwa ndani kila mtu anapohema. Kipimo cha kubana kidoleni alikitumia pia, ila baada ya umbea. Vijana waliojifunza kazi kwake waliuita mtihani wa Pumua, na wengi wao wanautumia mpaka leo.

Shida ya watu wa kazi ile ni kwamba hawaiachi kazini. Pumua alimsikiliza mama yake akikoroma na kumgeuza ubavu. Aliwapima mashemeji mezani. Na zaidi ya wote alimpima mdogo wake, aliyekuwa na pumu tangu utotoni, ambaye tangu wakiwa wasichana alikuwa akiulizwa jana umekula nini hata kama walikula pamoja sahani moja.

Huyo mdogo wake alikuwa msusi. Ukitaka kumchagulia mtu wa pumu kazi mbaya kuliko zote, mpe saluni: dawa za nywele zinazotoa machozi, mvuke wa mashine, marashi ya kila mteja. Pumua alimsihi, akamgombeza, akamnunia. Wapi! Msusi alikuwa mtu wa maneno mengi na majivuno mengi, wa kufa na tai shingoni, na alijibu kwamba afadhali abanwe na kifua akiwa na kazi kuliko apumue vizuri akiwa anaomba chumvi kwa jirani. Wateja walimpenda kwa soga zake kuliko hata kwa misuko.

Siku moja alibanwa palepale saluni, mchana kweupe. Pumua alikuja na gari, king'ora kinalia, akamkuta ameinama, mikono magotini, hata neno moja halitoki. Alimfanyia yote yaliyopaswa: barakoa ya oksijeni, dawa ya mvuke, machela. Hospitali wakampitishia mpira wa hewa kooni, mashine ikapumua badala yake, akapona. Lakini wateja waliokuwa vitini na nywele nusu walikuwa wamemwona akibebwa na barakoa usoni, na mtaani ikaanza kusemwa kwamba msusi yule ana kifua cha kuambukiza. Saluni ikakimbiwa kama nyumba inayoungua. Alipotoka hospitali alimwambia dada yake, mbele ya mama yao, kwa sauti iliyokwaruzwa na ule mpira:

"Umeniokolea pumzi, ukaniharibia jina. Siku nyingine uniache."

Hawakusemeshana muda mrefu, mpaka mama yao alipowaweka kitako na kuwashikanisha mikono kama watoto waliopigania mpira.

Ndiyo maana asubuhi moja, mwaka mmoja baadaye, simu ya mama ilipoingia, Pumua aliipokea kwa moyo mzito. Alikuwa kituoni, anapanga barakoa kwenye begi. Dereva wake alikuwa anafuta kioo cha mbele.

"Mwanangu, mdogo wako yuko hapa kwangu," mama alisema. "Kifua kinapiga filimbi tangu alfajiri. Ile pampu yake ya dawa kaivuta weee, naona haimsaidii."

"Mpe simu."

Ilichukua muda. Kisha sauti ya msusi ikaja. "Dada. Mama anakuza mambo."

"Jana umekula nini, na nani kapika?"

Mdogo wake akacheka kidogo. "Yaani mpaka leo?"

"Jibu."

"Subiri, mama ananiita." Kimya. Pumua alisikia kitu kama kitambaa kikisugua simu. "Wali na maharage, kapika mama." Kimya tena, kitambaa tena. "Chumvi ilizidi, usimwambie."

"Nije na gari?"

"Usije na gari!" Hilo lilitoka haraka, kali, na ukali ule ulimridhisha Pumua kuliko kipimo chochote cha kidoleni. "Nakuomba, dada." Kimya. "Pita ukitoka kazini."

Pumua akakata simu. Dereva, ambaye alikuwa ameshasikia na ameshaufungua mlango wake, akauliza, "Vipi, twende?"

"Tulia," alisema Pumua. "Anaongea. Tena anafoka."

Msimamizi wa kituo asingekataa waende. Gari lilikuwa tupu, limejaa mafuta, linatazama barabara. Ukweli ni kwamba Pumua alitaka kuamini alichosikia. Alikuwa amelaaniwa mara moja kwa kufika, na hakuwa na hamu ya kulaaniwa tena, na mdogo wake alikuwa amempa majibu yote ya mtihani, moja baada ya jingine, bila kukosea. Akarudi kwenye barakoa zake.

Baadaye waliitwa kwenye kantini ya ofisi moja kubwa. Bwana mmoja alikuwa amekwamwa na nyama kooni. Walimkuta amesimama, mikono shingoni, kikohozi hakitoki, midomo inabadilika rangi, na wenzake wamemzunguka na glasi za maji.

"Nani anampa maji mtu aliyezibwa koo?" Pumua aliuliza kwa sauti iliyowarudisha wote nyuma. "Mnataka azame nchi kavu?"

Alimwinamisha, akampiga kwa kisigino cha kiganja katikati ya mabega, kwa nguvu, mara kadhaa. Wapi. Akazunguka nyuma yake, akakunja ngumi juu ya kitovu, akamvuta kwa ndani na kwa juu, akavuta tena, na kipande cha nyama kikaruka mpaka kwenye sahani ya mtu mwingine. Bwana yule alivuta hewa kwa mlio mrefu. Alipopata nguvu za kusema, alijitazama kifuani, akasema: "Umenichania shati."

Kantini nzima ilicheka. Walimpigia Pumua makofi, na yeye mwenyewe alicheka mpaka akashika kiuno. Alikuwa bado anacheka simu ilipotetemeka mfukoni.

"Usihangaike tena, mwanangu," mama alisema, sauti imejaa afueni. "Ametulia. Ile filimbi imekwisha kabisa, hata kumsikia simsikii. Amelala."

Watu wengi wangeshukuru Mungu kwa habari hiyo. Anayeijua pumu haisikii hivyo. Filimbi ni hewa inayojipenyeza mahali pembamba. Ikikoma ghafla kwa mtu aliyekuwa amebanwa tangu alfajiri, huenda hakuna tena hewa inayopita.

"Mama, muamshe."

"Mwache apumzike jamani, amehangaika."

"Muamshe, mama!"

Alisikia mama akiita jina la mdogo wake, kwanza kwa upole, kisha kwa sauti ya juu, kisha kwa sauti ambayo Pumua alikuwa ameisikia katika nyumba nyingi za watu wengine. Dereva hakuuliza kitu. Alikuwa ameshakimbilia gari.

Walimkuta kitandani, ameegemezwa kwenye mito, mdomo wazi, kucha zimegeuka rangi. Mama alikuwa amemfunika miguu vizuri asipate baridi. Pumua alimshusha sakafuni, akamrudisha kichwa nyuma, akaliinua taya, akambana barakoa usoni na kuminya mfuko wa kupumulishia. Mfuko uligoma. Kifua kilikuwa kimekaza kama ukuta, na hewa kidogo iliyoingia ilikuwa haitoki. Dereva alimkandamiza kifua kuuamsha moyo. Pumua alimfokea mdogo wake kama alivyowafokea wagonjwa wote, kwa neno lilelile, ndani ya gari, njia nzima, mpaka mlangoni mwa hospitali. Daktari alipitisha mpira kooni, akajaribu kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa na maana, kwa heshima ya Pumua. Kisha akaacha.

Msibani watu walimwambia Pumua kwamba alifanya kila kitu, na yeye alijibu kila mmoja vilevile: "Asubuhi alikuwa anaongea vizuri. Nilimpima mwenyewe kwenye simu. Ilimbadilikia ghafla." Aliyasema hayo na aliyaamini, na ndiyo yaliyomwezesha kusimama, kugawa chai na kupanga viti. Pumu ina mashambulizi ya ghafla, kila mtu anajua. Hakuna wa kulaumiwa hapo.

Wageni walipopungua, alasiri moja, aliingia chumbani kumpelekea mama yake uji. Mama alikuwa amejilaza juu ya kitanda kilekile walichomkutia mdogo wake, macho kwenye dari. Hakuwa amelala usingizi wa maana tangu mazishi.

"Alikuwa anaifunika simu," mama alisema.

"Nani?"

"Mdogo wako. Siku ile. Akikujibu neno, anaikandamiza simu kwenye shuka, anahema, anahema, mabega yanapanda mpaka masikioni. Akishapata pumzi anairudisha mdomoni anakujibu tena. Eti mimi namwita. Mimi nimekaa hapa pembeni, sijafungua mdomo."

Pumua aliweka bakuli chini. Aliikunja ile mikono mizito ndani ya nguo.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Nilidhani unajua. Si ulikuwa unampima? Nikajiuliza, mwenye kazi yake ndiye anayeongea naye, mimi ni nani niingilie? Ulipokata simu nikasema, basi, kama dada yake hana wasiwasi, mimi nahofia nini." Mama akageuza kichwa, akamtazama. "Kama ningemnyang'anya ile simu, nikakwambia ninachokiona, ungekuja?"

Hasira ilimpanda Pumua. Alimchukia mdogo wake, aliyejua kila swali la dada yake na kila jibu, akayatumia kujificha. Alimchukia mama yake kwa kukaa kimya kwa adabu. Na yeye mwenyewe, aliyesikia kimya kile na kitambaa kile kwa masikio yake akaenda kupanga barakoa, alijichukia kwa namna ambayo alijua haitaisha. Angekuja. Mlango wa dereva ulikuwa wazi. Angefika mdogo wake angali anapiga filimbi, angali anatukana.

"Hapana, mama," alisema. "Isingebadilisha kitu."

Mama yake akashusha pumzi ndefu, akajivutia shuka, akageukia ukutani, na baada ya muda mfupi akapitiwa na usingizi.