Muhuri wa Kutoka

Mtaani kwetu ukisema unakwenda kutembea nchi jirani, hakuna anayekuuliza umejiandaaje. Wanakuuliza tu, "Umeshapita kwa Mama Viza?"

Mama Viza ni wifi yangu, mke wa marehemu kaka yangu. Anafanya kazi kwenye ofisi ya safari iliyopakana na studio yangu ya picha za pasipoti. Kati yetu kuna ukuta wa mbao, tena mbao zenyewe zimekauka zikaachana, kwa hiyo kila anachomwambia mteja nakisikia kama vile nimelipiwa nafasi. Nimeyasikia mpaka nayaota. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita mbele. Cheti cha chanjo kikae mkononi, usikizike chini ya sanduku. Viza ya utalii si ruhusa ya kazi. Ukisema mpakani unakwenda "kumsaidia shemeji dukani kidogo", umejifunga kwa ulimi wako mwenyewe. Usipige picha daraja, wala kituo cha mpaka, wala askari hata akikuchekea. Na kubwa kuliko yote, usitoke bila muhuri wa kutoka.

Akimaliza sheria anaingia kwenye desturi. Dukani salamu kwanza, bei baadaye. Viatu mlangoni. Usimwonyeshe mtu kwa kidole. Mwisho kabisa huja lile la kuaga, na hapo sauti yake hubadilika.

"Kule hakuna kuondoka kimyakimya," huwaambia. "Ukilala kwa mtu, muage uso kwa uso, mpaka yeye mwenyewe akwambie nenda. Usipoaga, kwao bado umo ndani. Kila asubuhi watakuwekea kikombe chako mezani."

Watalii hucheka. Mimi, upande wa pili wa mbao, huacha ninachokifanya. Wifi yangu hakuaga.

Alikuwa ameshawatuma watu nusu ya mji huko ng'ambo kabla yeye mwenyewe hajavuka. Kaka yangu alikuwa akimtania kwa hilo bila huruma. "Mke wangu anafundisha watu kuogelea," alisema, "na yeye hajalowa hata kisigino." Alipostaafu akaamua wakatembee, wao wawili, kama watalii wa kweli. Walikuja kwangu kupiga picha. Kaka alivaa koti lake la kahawia, lile ambalo tulishakata tamaa ya kumvua, liwe jua liwe mvua. Picha yake niliirudia mara kadhaa kwa sababu picha za pasipoti hazitaki meno, na yeye kila nikiinua kamera anataka kucheka. Ile iliyokubaliwa, midomo imefunga lakini macho yanacheka wazi.

Walivuka, wakagongewa mihuri mmoja nyuma ya mwenzake, wakafikia nyumba ndogo ya wageni. Walitembea, walinunua vikapu, walinitumia salamu. Kisha asubuhi moja kaka yangu hakuamka. Moyo, walisema. Hakuwa ameugua hata mafua.

Wifi alirudi naye kwenye gari la kukodi, jeneza nyuma, yeye mbele kando ya dereva. Katika vurugu ile ya makaratasi ya hospitali na kufunga jeneza, alitoka ile nyumba ya wageni bila kumwona mwenye nyumba. Na walipofika mpakani, askari wa zamu aliona jeneza, akavua kofia, akainua kizuizi kwa mikono yake mwenyewe. Maiti haipangi foleni. Hakuna aliyekumbuka kwamba aliye hai alitakiwa ashuke, aende dirishani, agongewe. Wifi aliniambia baadaye kwamba yeye alikumbuka, kizuizi kiliposhuka nyuma yao. Mama Viza mzima! Lakini angemwambiaje dereva asimame, arudishe jeneza kule kwa ajili ya muhuri?

Kwa hiyo kwa hesabu za nchi ile, wifi yangu aliingia na hakutoka. Kaka yangu vilevile.

"Kule kwao," aliniambia siku moja tukifagia vizingiti vyetu, "mimi na kaka yako bado tuko matembezini." Akatabasamu. Nilitamani asingetabasamu.

Ningeyaacha hayo kama maneno ya mfiwa, kama si wateja. Wa kwanza alikuwa mwalimu mmoja wa kike, aliyerudi kutoka likizo ng'ambo. Aliingia ofisini akiwa amenuna. "Mama Viza, nimekukosea nini? Nimekusalimia kule sokoni ukanipita kama sikujui. Na ulikuwa umejitanda ule mtandio wako wa kijivu." Wifi hakuwa ametoka mtaani kwetu wiki ile wala mwezi ule, na mtandio wa kijivu alikuwa ameusahau ng'ambo siku ya msiba. Nilitoka studio mbio nikaingilia kati. "Mwalimu, duniani wawili wawili," nikamwambia, na sote tukacheka, mwalimu akicheka kidogo kuliko sisi.

Wa pili alikuwa muuguzi mstaafu, mtu asiye na porojo. Naye alikuwa amemwona huko ng'ambo, barabara ya kuelekea stendi. "Ulikuwa na mzee mrefu," alisema. "Amevaa koti la kahawia kwenye jua lile! Amekubebea kikapu."

Muuguzi huyo alikuwa mgeni mjini. Hakuwahi kumjua kaka yangu, na habari za koti hakuna aliyemwambia. Niliganda na kamera mkononi. Kisha kupitia mbao nikamsikia wifi yangu akiuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya hewa, "Na huyo mzee, alionekana ana afya?"

Halafu wakaja maharusi wawili vijana waliofikia ile ile nyumba ya wageni. Walisema ni pazuri, ila mwenye nyumba ana jambo la ajabu. Kuna meza ya pembeni haruhusu mtu kukaa. Kila asubuhi anaweka vikombe viwili, anamimina chai, jioni anaimwaga.

Siku hiyo wifi alifunga ofisi mapema. Nilimkuta amekaa kwenye ngazi.

"Wifi, usiyatie moyoni," nikamwambia. "Duniani wawili wawili."

"Ndiyo," akajibu. "Na sisi ndio hao wawili wenyewe."

Nisijifanye mwerevu wa kumcheka. Nilikuwa nikiogopa, lakini nilikuwa nikifurahi pia. Kaka yangu alikuwa mmoja, na sikuwa na mwingine. Kila mteja akirudi kutoka ng'ambo nilijipitishapitisha mlangoni, nafuta kioo kilichokwisha futwa, nikisubiri kama atasema ameona koti la kahawia. Asiposema, siku yangu ilikuwa mbaya, na wateja wangu waliipata kwenye maneno yangu.

Basi tungeendelea hivyo, wajane wawili wa mtu mmoja kwa namna yake, kama si binti. Binti wa kaka yangu aliolewa huko huko ng'ambo. Harusi ilibidi ifanyike huku, kwa sababu mama mtu hakutaka kuvuka, akasingizia magoti. Sasa binti alikuwa mjamzito, mimba ya taabu, daktari amemlaza kitandani na kumkataza hata kuinuka kuchota maji. Alipiga simu tukiwa wote wawili.

"Mama, njoo," alisema. "Shangazi, mlete. Nisije nikazaa peke yangu."

Simu ilipokatika, wifi alikunja mikono. "Nitakamatwa. Mtu aliyezidisha muda kama mimi..."

"Wewe unayewafundisha watu kila siku namna ya kujieleza? Usinichezee. Unaogopa nini?"

"Naogopa kuwakuta," akasema. "Na naogopa kutowakuta."

Hapo hasira zilinipanda, na zikinipanda mimi sina breki. "Unakaa hapa unamlinda mfu, na mtoto wako amelala chali anakuita!" Niliubamiza mlango wa watu hadi ramani ikaanguka ukutani. Nilipofika studio nikajua nilikuwa nimejisema mwenyewe pia. Lakini siku mbili baadaye alikuja na mkoba, anataka picha ya pasipoti mpya. Nilimpiga bila kumwambia asicheke. Haikuwa lazima.

Nilimsindikiza mpaka mpakani. Kuvuka nisingeweza, mji mzima nimeupiga picha za pasipoti na mimi mwenyewe sina hiyo pasipoti. Mganga hajigangi. Kituo siku hizi ni jengo moja, madirisha ya nchi mbili yanatazamana ndani ya ukumbi mmoja wenye joto, kalamu zimefungwa kwa kamba zisiibwe. Kwenye dirisha la wenzetu alikuwa ameketi ofisa wa kike, kijana, miwani imemteleza puani. Wifi akampa pasipoti mbili, mpya na ile ya zamani. Ofisa akabonyeza, akatazama kioo, akabonyeza tena.

"Mama, wewe uko ndani."

"Ndiyo, mwanangu."

"Naona uliingia, hukutoka. Siwezi kumwingiza mtu ambaye yumo."

Waliokuwa nyuma yetu kwenye foleni wakacheka. Wifi hakucheka. Akainama kwenye kile kitundu cha kioo, akaeleza kwa maneno machache: mume, jeneza, askari aliyevua kofia. Ofisa alisikiliza mpaka mwisho, akasukuma miwani juu.

"Pole sana, mama. Basi itabidi nikutoe kwanza, ndipo nikuingize." Akainua muhuri, akagonga ile pasipoti ya zamani. Nilimwona wifi akishika ukingo wa dirisha kama mtu aliyeshushwa ngazi ambayo hakuiona.

Nilidhani yamekwisha. Lakini ofisa alikuwa bado anatazama kioo chake. "Na huyu aliyeingia nyuma yako? Naye haonyeshi kutoka. Ndiye huyo marehemu?"

"Ndiye," alisema wifi. Akatoa kwenye kifua cha gauni lake kijitabu kimoja zaidi, kimepinda kwa joto la mwili. Hakukipitisha kwenye kitundu. Alikishika.

"Niache alivyo," akauliza ofisa taratibu, "au naye nimtoe?"

Wifi aligeuka, akanitazama mimi. Mume alikuwa wake, lakini damu ilikuwa yangu, na aliniuliza kwa macho bila kufungua mdomo. Nilikumbuka jeneza lilivyofika kwetu limeshapigwa misumari, na wakubwa wa ukoo wakasema lisifunguliwe, safari ilikuwa ndefu. Tulimpokea, tukamzika. Kumuaga hatukumuaga. Na nilitaka, Mungu anajua nilivyotaka, kusema mwache. Mwache atembee na koti lake kwenye jua la watu, abebe vikapu, anywe chai yake kwenye meza ya pembeni, na mara moja moja mgeni aje aniambie amemwona.

"Mtoe," nikasema. "Mtoe naye."

Wifi akakipitisha kijitabu, na ofisa akaifungua pasipoti ya kaka yangu. Picha yangu ile, midomo imefunga, macho yanacheka. Aliitazama kitambo, akakaribia kutabasamu yeye pia, kama kila mtu aliyewahi kutazamwa na kaka yangu. Kisha akagonga.

Wifi akagongewa muhuri wa kuingia. Tukakumbatiana pale palipoandikwa pasisimamwe, mlinzi akajifanya hatuoni. "Pitia kwa mwenye nyumba," nikamwambia. "Nitapitia," akasema. Aliondoka bila kugeuka, na mimi nilisimama pale mpaka foleni yote ikaisha.

Binti alijifungua salama, mtoto wa kike, mapafu ya mpiga tarumbeta. Hayo niliyasikia kwa simu. Ofisi ya upande wa pili ikawa kimya. Mwenye ofisi alimweka kwa muda kijana anayesoma sheria kwenye karatasi na desturi hazijui kabisa.

Wiki iliyopita aliingia yule muuguzi mstaafu, anataka picha, viza yake inaisha. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikarekebisha taa.

"Nimemwona tena wifi yako kule," alisema, kwa uangalifu, kama anayejua safari hii anaweza kuudhi. "Kwenye kile kinyumba cha wageni. Amembeba mtoto mchanga, anaagana na mwenye nyumba mlangoni. Waliagana, waliagana, nikadhani hawatamaliza."

"Ni yeye," nikasema. "Sasa ni yeye kweli." Nikajishughulisha na kamera. "Alikuwa na nani?"

"Peke yake. Na huyo mtoto."

"Hapakuwa na mzee mrefu? Pembeni labda, au nyuma?"

Alifikiri, maana ni mtu wa kufikiri kabla ya kusema. "Hapana," akasema. "Kikapu alikuwa amekibeba mwenyewe."

Nilimwambia atazame mbele, afunge mdomo, asicheke. Nikampiga. Kisha nikamwomba anisubiri kidogo, nikaingia nyuma ya pazia, nikamuaga kaka yangu.